Tunaaminiana, Lakini Tuandike: Vidokezo 10 vya Kutunza Fedha za Kanisa

Kama umewahi kusali kwenye usharika wa Kilutheri hapa Tanzania, unajua kwamba Jumapili haiishii kwenye baraka. Inaishia nje, kwenye mnada. Mpiga mnada ameinua yai moja. Linauzwa 2,000. Aliyelinunua analitoa tena, linauzwa 5,000, kwaya inapiga vigelegele, linarudi mara ya tatu na kuondoka kwa 10,000. Yai moja limeingiza kuliko trei nzima ya dukani. Raha tupu!

Sasa uliza swali dogo: nani amelipa taslimu, na nani amesema "niandike, nitaleta Jumapili ijayo"? Hapo watu watatazamana.

Nimekaa kwenye meza ya kuhesabu sadaka miaka kadhaa. Wezi niliowaona ni wachache. Niliowaona wengi ni wazee waaminifu waliochafuliwa majina kwa fedha ambazo hawakuzigusa, kwa sababu siku ya kuulizwa hawakuwa na karatasi hata moja ya kujitetea. Waliponzwa na neno moja tamu tunalolipenda sana makanisani: "tunaaminiana". Wahenga walikwishasema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hawakuongeza "isipokuwa mali ya kanisa".

Vidokezo hivi kumi ni kwa ajili ya wazee wa kanisa, watunza hazina, wachungaji na mapadre, na pia kwa wewe unayetoa na kurudi nyumbani.

1. Wahesabu wawe watatu, tena wa nyumba tofauti

Mtu mmoja asihesabu sadaka peke yake, hata kama ni mtakatifu. Wawili wanaweza kuelewana. Watatu ni kazi ngumu, hasa mmoja wao akiwa mama aliyezoea kusimamia fedha za kikoba. Mume na mke, au baba na mwanawe, wasipangwe zamu moja. Zamu zibadilike kila mwezi, na orodha ibandikwe ukutani.

Hesabu ifanyike siku ileile, palepale kanisani, kabla mtu hajaitwa kunywa chai. Tumieni karatasi yenye mistari ya kila aina ya fedha: noti za 10,000 ni ngapi, za 5,000 ngapi, za 2,000, za 1,000, mpaka sarafu za 50 za watoto wa shule ya Jumapili. Wote watatu watie saini. Nakala moja iende kwa mtunza hazina na nyingine ibaki kwenye faili la ofisi. Mwandiko ukikosewa, kateni mstari mmoja na mtie saini pembeni. Msifute kwa wino mweupe.

Anayeona haya ni mambo ya kihasibu yasiyo na roho, asome Wafalme wa Pili sura ya 12. Mfalme Yoashi alipoona fedha za kutengeneza hekalu zinaingia na hekalu halitengenezwi, liliwekwa sanduku lenye tundu kwenye kifuniko. Lilipojaa, alikuja mwandishi wa mfalme pamoja na kuhani mkuu, wakahesabu wote wawili. Hata kuhani mkuu hakuachiwa sanduku peke yake.

2. Usilipe mtu kutoka kwenye kapu

Huu ndio ugonjwa wetu mkubwa. Sadaka haijamaliza kuhesabiwa, fundi wa spika yuko mlangoni. Mhubiri mgeni anahitaji nauli. Jenereta halina petroli. Mtu anachomoa 30,000, mwingine 15,000, kinachobaki ndicho kinachoandikwa. Hakuna aliyeiba, lakini tayari mapato yaliyoandikwa si mapato yaliyotolewa.

Kanuni ni nyepesi: kilichohesabiwa chote kiende benki kama kilivyo, Jumatatu asubuhi, na karatasi ya benki ilingane na karatasi ya wahesabu hadi shilingi ya mwisho. Kwa ajili ya petroli na nauli, tengeni masurufu: kiasi kidogo kilichopitishwa na baraza, tuseme 200,000, kinachokaa kwa mtu mmoja anayejulikana. Akitumia analeta risiti, anarudishiwa kilichotumika, kiasi kinakuwa 200,000 tena. Wakati wowote ukimshtukiza, fedha zilizopo mkononi mwake pamoja na risiti lazima zifike 200,000.

3. Lipa namba iwe ya kanisa, si ya mchungaji

Tangu fedha za simu ziingie nchini mwaka 2008, sadaka imehama polepole kutoka kwenye kapu kwenda kwenye simu. Jambo jema. Mtoaji ana ujumbe wa kuthibitisha, na muda na kiasi vinajiandika vyenyewe. Tatizo linaanza pale namba inayosomwa kwenye matangazo inapokuwa ya mchungaji, au ya mtunza hazina, au ya kijana wa vyombo "anayejua mambo ya simu".

Hapo sadaka, ada ya shule ya mtoto wake, na hela aliyotumiwa na shemeji vinakaa chungu kimoja. Akifariki, fedha hizo zinahesabiwa kuwa mirathi. Akihama, anaondoka na namba. Sajilini lipa namba kwa jina la kanisa, fedha zihamie kwenye akaunti ya kanisa, na kila mwisho wa mwezi taarifa ya miamala ichapishwe na kusomwa na mtu ambaye hana namba ya siri.

4. Bahasha ya ahadi ni mkaguzi wa bure

Sharika nyingi humpa kila msharika bahasha zenye namba yake. Wengi wanadhani kazi ya namba ile ni kumfuatilia asiyetoa. Kazi yake bora zaidi ni kumwezesha anayetoa kuifuatilia ofisi.

Kila miezi sita mpeni kila msharika karatasi inayoonyesha alichotoa kwa tarehe. Aliyetoa 20,000 mwezi Machi na haioni atakuja mwenyewe kuuliza. Kama usharika una bahasha 400, una wakaguzi 400 wasiolipwa posho. Hakuna kampuni ya ukaguzi itakayowashinda.

Sharti moja: siri. Kitabu kinachounganisha namba na jina kikae kwa mtu mmoja na kifungiwe. Kuwasoma wenye madeni ya ahadi mbele ya watu huongeza madeni na hupunguza watu.

5. Mnada uwe na mwandishi wake

Turudi kwa lile yai. Mpiga mnada ana kipaji chake: sauti, utani, kujua nani ana hela leo. Msimpe na fedha. Kuwe na mwandishi mwenye daftari la safu nne: kitu, mnunuzi, bei, kimelipwa au ni deni. Na awepo wa tatu anayepokea fedha. Mnada ukifungwa, jumla ya bei ikatwe madeni, na kinachobaki kilingane na fedha iliyo mezani.

Kitu kilichouzwa mara tatu kiandikwe mara tatu, kwa mistari mitatu. Madeni yawe na mwisho, Jumapili mbili kwa mfano, na anayefuatilia awe mtu wa kutumia simu badala ya kipaza sauti. Na kama desturi yenu ni kumtengea mchungaji kuku au mkungu wa ndizi kabla mnada haujaanza, sawa, ni desturi nzuri, ila ipitishwe na baraza na iandikwe. Kuku aliyeandikwa ni zawadi. Asiyeandikwa ni uvumi.

6. Fedha ya jengo isiliwe na mishahara

Mama ametoa 50,000 kwa ajili ya bati. Mwezi umekuwa mgumu, mlinzi hajalipwa, mtunza hazina anasema "tuazime kidogo kwenye jengo". Huko kuazima kidogo ndiko kulikozaa majengo mengi yaliyosimama kwenye lenta huku miti ikiota ndani.

Kilichotolewa kwa kusudi fulani kina mwenyewe, na mwenyewe ni kusudi lile. Kama mnaweza, fungueni akaunti tofauti. Kama hamuwezi, daftari liwe na safu tofauti: jengo, diakonia, uinjilisti, matumizi ya kawaida, na sehemu ya dayosisi. Mkilazimika kweli kuazima, uamuzi uwe wa baraza, uingie kwenye muhtasari, na utaje tarehe ya kurudisha.

Paulo alipokusanya michango ya watakatifu wa Yerusalemu hakuibeba kimyakimya begani. Barua ya pili kwa Wakorintho, sura ya 8, inaeleza jinsi alivyomtuma Tito pamoja na ndugu mwingine aliyechaguliwa na makanisa yenyewe, ili asipatikane wa kuwalaumu. Alikuwa mtume, na bado alitaka shahidi.

7. Panga bajeti kwa msimu wenu

Kosa la kwanza la bajeti za kanisa ni kuhesabu ahadi kana kwamba ni fedha. Siku ya harambee, kipaza sauti kikiwa moto, watu huahidi kwa mioyo yote. Tuseme ziliahidiwa milioni 20 na baada ya miezi sita zimeingia milioni 9. Bajeti ya mwaka ujao ianzie kwenye tisa. Ishirini ni matumaini, na matumaini hayanunui saruji.

Kosa la pili ni kugawa mwaka kwa kumi na mbili. Fedha haiji hivyo. Januari kila mzazi analia na ada na sare za shule, kapu linakonda. Usharika wa Mtwara au Lindi unanenepa minada ya korosho inapoanza, kuanzia Oktoba. Kule Nyanda za Juu Kusini mahindi yakishavunwa katikati ya mwaka, mavuno ya kanisa nayo yanajaa. Chukueni madaftari ya miaka mitatu, angalieni mwezi gani hupanda na upi hushuka, kisha pangeni matumizi makubwa yafuate mkondo huo. Mwezi wa shibe uwekee akiba mwezi wa njaa, maana mlinzi anakula Januari pia.

8. Anayenunua asiwe anayepokea

Kwenye ujenzi fedha haipotei benki, inapotea njiani kati ya duka na eneo la kazi. Kwa kila manunuzi makubwa leteni bei za maduka matatu, kwa maandishi. Mzee wa kanisa ambaye duka ni la kaka yake aseme wazi, kisha atoke nje wakati wa kuamua. Kaka yake anaweza kushinda kwa haki, mradi ashinde bila yeye kuwepo.

Mnunuzi alete risiti ya mashine ya EFD, siyo kipande cha karatasi kilichopigwa muhuri wa duka lisilojulikana. Mtu mwingine apokee mzigo: ahesabu mifuko ya saruji, apime nondo, aandike kwenye daftari la stoo na kutia saini. Kila mfuko unaotoka stoo uandikwe umekwenda wapi.

Ile sura ya Yoashi inasema pia kwamba waliokabidhiwa fedha za kuwalipa mafundi wa hekalu hawakudaiwa hesabu, kwa kuwa walifanya kazi kwa uaminifu. Mistari hiyo mafundi wa leo wanaipenda mno. Wakiitaja, wakumbusheni kwamba sanduku lenyewe lilikuwepo kwa sababu walitangulia wengine ambao fedha zao hazikuonekana zilikoishia.

9. Mtumishi wa Mungu naye atazeeka

Nimehudhuria sherehe za kuwaaga wainjilisti waliotumika miaka 30. Hotuba ndefu, kitenge, mbuzi, cheti kwenye fremu. Kesho yake mzee anaamka hana chochote, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpelekea mchango hata mmoja kwenye mfuko wa hifadhi. Hili ni deni la usharika, hata kama halimo kwenye leja.

Kanisa likiajiri ni mwajiri kama wengine. Michango ya NSSF ni asilimia 20 ya mshahara, na mwajiri hubeba si chini ya nusu yake. Mshahara unaozidi 270,000 kwa mwezi unakatwa kodi ya PAYE, na kodi hiyo inatakiwa iwe imefika TRA ndani ya siku saba baada ya mwezi kwisha. Kanisa likipanga nyumba ya mchungaji au ofisi, kuna kodi ya zuio kwenye pango. Na kanisa likiwa na hosteli, ukumbi wa kukodisha au duka la vitabu, msijifiche nyuma ya neno sadaka. Nendeni TRA mkaulize mapema, kabla faini haijaja kuwauliza.

Na viwanja? Viandikwe kwa jina la Bodi ya Wadhamini iliyosajiliwa RITA chini ya sheria ya wadhamini, Sura ya 318. Makanisa machanga, hasa yale yaliyoanzia sebuleni kwa mchungaji, huacha hati kwenye jina lake "kwa muda". Muda huo huisha siku ya msiba, watoto wake wanapofungua sanduku la nyaraka na kukuta kanisa ni la baba.

10. Tangaza na kilichotoka

Kila Jumapili tunasoma mapato: sadaka ya ibada ya kwanza, ya pili, fungu la kumi, shukrani. Tunasoma mpaka hesabu ya watoto. Lini mara ya mwisho ulisikia matumizi? Mara nyingi ni mara moja kwa mwaka, kwenye mkutano mkuu, saa nane mchana, watu wana njaa, taarifa ina kurasa 14, na mwenyekiti anauliza, "Tumeipokea?"

Bandikeni ukurasa mmoja kila mwezi kwenye ubao wa matangazo: tulianza na kiasi gani, kimeingia nini, kimetoka nini, kimebaki nini, na benki inasemaje. Herufi kubwa, bibi aweze kusoma. Kwa ndugu zetu Wakatoliki hili si hisani ya paroko. Sheria za Kanisa za mwaka 1983 zinataka kila parokia iwe na halmashauri ya fedha, kanuni ya 537, na kanuni ya 1287 inawataka wasimamizi wawape waamini hesabu ya mali waliyoitoa. Muumini anayeuliza anadai kilicho chake.

Kila mwaka aje mkaguzi asiyetoka kwenye baraza. Kama hamuwezi kumlipa, ombeni usharika wa jirani uwaletee mhasibu wake, nanyi mpelekeni wa kwenu. Na mtunza hazina akibadilika, makabidhiano yawe ya kuhesabu, si ya kupeana mikono. Ezra aliposafirisha fedha na dhahabu ya hekalu kutoka Babeli, aliwapimia makuhani kumi na wawili kabla ya safari, talanta 650 za fedha peke yake. Walipofika Yerusalemu vyote vikapimwa tena na uzito ukaandikwa. Mizani haikuwadhalilisha makuhani wale. Iliwapokea wakiwa safi.

Ikitokea fedha imepungua kweli, msilimalize jambo faraghani kwa "tumwachie Mungu". Samehe mtu, hiyo ni amri. Lakini daftari halina uwezo wa kusamehe: pengo liandikwe, sababu itafutwe, fedha irudishwe kwa mpango wenye tarehe, na aliyekosea asirudishwe kwenye funguo zilezile. Nafasi ya kuimba kwaya bado ipo.

Kumi ni vingi kwa wiki moja, najua. Anzeni na cha kwanza, cha pili na cha kumi: watu watatu mezani, fedha yote benki, na ukurasa mmoja ukutani. Havihitaji kompyuta wala semina ya siku tatu yenye posho. Vinahitaji kaunta buku moja, kalamu ya wino usiofutika, na mzee mmoja mwenye ujasiri wa kusimama kwenye kikao kijacho na kusema: ndugu zangu, tunaaminiana, kwa hiyo tuandike.